Eti kuna umri wa kuacha kwenda uwanjani? Wenye miaka 40 na kuendelea tukutane hapa

MwanaBombo (mleta uzi)

Wakuu, asalaam aleikum na habari za Jumapili.

Jana navaa jezi yangu ya SC Villa, timu yetu ya Kampala, sebuleni, shemeji akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Shemeji, wewe si mtoto tena. Mtu wa miaka 48, una binti chuo kikuu, unakwenda kupiga kelele na vijana wa bodaboda?" Aliyasema kwa heshima, hakuwa na ubaya wowote. Lakini yameniingia. Nimelala nayo, nimeamka nayo, ndiyo maana nayaleta hapa.

Siamini kwamba mtu hukua akauacha uwanja kama anavyoacha sare ya shule. Naamini viwanja ndivyo vinavyomfukuza mtu mzima, halafu sisi tunausingizia umri. Nilikolitoa hili ni mbali kidogo, nivumilieni.

Nilifanya kazi miaka tisa Winnipeg, Kanada, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Kule Januari baridi hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, unyevu wa puani unaganda ukiwa unavuta pumzi. Mchezo wao ni hoki ya barafuni. Wachezaji sita kila upande pamoja na kipa, wamevaa viatu vyenye bapa la chuma chini, na badala ya mpira wanapiga kisahani cheusi cha mpira mgumu, gramu 170 hivi, kinachogandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde. Timu ya mji ni Winnipeg Jets.

Kati ya wazee niliowahudumia alikuwapo mmoja wa miaka 84. Kiharusi kilikuwa kimeuchukua mkono wake wa kushoto. Siku nyingine jina la binti yake mwenyewe lilimpotea. Lakini ukimtajia Teemu Selänne, macho yanawaka. Huyo alikuwa kijana kutoka Finland, msimu wake wa kwanza tu, 1992/93, akafunga mabao 76, na mpaka leo hakuna mchezaji wa msimu wa kwanza kwenye ligi ile aliyeifikia hesabu hiyo. Siku alipoivunja rekodi ya zamani ya mabao 53, mwezi Machi 1993, alirusha glavu yake juu, akalishika gongo kama bunduki, akailenga glavu ikiwa bado hewani. Mzee wangu alikuwa uwanjani siku hiyo. Kila akinisimulia alikuwa anavua soksi, anairusha kwa ule mkono mmoja uliobaki, halafu anaifuata kwa kidole mpaka inaanguka sakafuni. Naiokota, namvisha, kesho yake tunaanza upya.

Mwaka 1996 timu ile ilihamishiwa Phoenix, Marekani, kwa sababu ya pesa. Mechi ya mwisho ilichezwa 28 Aprili, Detroit wakawafunga 4-1. Mji ukakaa miaka 15 bila timu ya ligi kuu. Mwaka 2011 ikaletwa timu nyingine kutoka Atlanta, wakatangaza tiketi za msimu 13,000. Siku dirisha la umma lilipofunguliwa, zilizokuwa zimebaki ziliisha ndani ya dakika 17. Walionunua hawakuwa watoto, wakuu. Mtoto hana pesa ya tiketi ya msimu. Binti wa yule mzee aliniambia alikaa mbele ya kompyuta mikono inamtetemeka, mtu ambaye tayari alikuwa na wajukuu. Akapata viti viwili.

Machi 2018 nilimpeleka mzee. Niliogopa sana, kiti cha magurudumu, barafu njiani, watu maelfu. Hofu yangu ilikuwa ya bure. Lifti ipo, mahali pa kiti chake papo, na pembeni kiti cha mtu wa kumsaidia. Halafu jambo lililonikaa moyoni kuliko mengine: mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20, na baina yake mapumziko ya dakika 18 hivi. Dakika 18! Unampeleka mzee chooni bila kumkimbiza, unamnunulia chai, mnarudi mkiikuta ile mashine ya kulainisha barafu wanayoiita Zamboni bado inazunguka taratibu, nyuma yake barafu inang'aa kama sakafu iliyopigwa deki. Mzee aliitazama mashine ile kwa makini kama anatazama mechi yenyewe. Kushoto kwetu alikaa bibi mwenye nywele nyeupe pe, na daftari mapajani, anaandika kila bao na dakika yake. Katika watu wote wale sikumwona aliyemshangaa bibi yule kwa nini yupo pale.

Mwezi uliofuata mechi za mchujo zikaanza. Wakati huo mashabiki wa Winnipeg huvaa nyeupe tupu, desturi tangu 1987. Mzee hakuweza tena kutoka. Tulimvalisha shati jeupe kitandani, akatazama kwenye runinga, soksi mkononi.

Sasa njooni kwetu Bombo, huku Uganda. Baba yangu mdogo ana miaka 71. Alikuwepo uwanja wa Nakivubo, Kampala, mwaka 1991, Villa ilipocheza fainali ya klabu bingwa Afrika na Club Africain ya Tunisia. Kule Tunis tulipigwa 6-2, hapa tukatoka 1-1. Nilimuuliza aliacha lini kwenda. Akaniambia mara ya mwisho alikwenda kwenye uwanja mmoja, sitautaja, mvua imenyesha, akakaa juu ya zege lenye maji mechi nzima. Mapumziko akatafuta choo, akakikuta kimetiwa kufuli. Akaenda nyuma ya ukuta, mtu mzima, haji, na kanzu yake ameikunja kwa mikono miwili. Vijana wakacheka. "Nilirudi nyumbani nikaikunja jezi nikaiweka chini ya sanduku," akasema.

Hakuuacha mpira. Villa ilipochukua ubingwa wa Uganda 2024 baada ya miaka 20 ya kiu, alisikiliza redioni, na mke wake anasema alikesha.

Nawauliza: huyu amekua, au amefukuzwa?

Katwe_ya_Zamani

Mkuu, umenigusa penyewe. Mimi 53, na bado naenda.

4 Septemba 2016, uwanja wa taifa wa Namboole, Uganda na Komoro. Tukishinda tunakwenda Kombe la Afrika, na hatukuwa tumekwenda tangu 1978, tulipofika fainali na Ghana wakatufunga 2-0 kwao. 1978 nilikuwa na miaka sita, nakumbuka redio na wazee walionyamaza. Miaka 38 nasubiri. Farouk Miya akafunga, moja bila, kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili chote sikukaa.

Filimbi ya mwisho ilipolia, jamaa aliyekuwa jirani yangu, nisiyemjua, amevaa suti na tai, kalamu mfukoni, nadhani alitoka kanisani moja kwa moja, alinikumbatia akalia begani kwangu kama aliyefiwa. Nami nikalia. Tulikaa hivyo dakika nzima. Nilipomwachia, wino wa kalamu yake ulikuwa umenichafua jezi kifuani. Doa halijatoka. Mke wangu amelifua mara ngapi sijui, na sitaki litoke.

Huyo wa suti alikuwa na umri wa kunizidi. Mwambie shemeji yako.

Tochi

Nafuatilia kwa karibu.

Baba_Watatu_Jinja

Ndugu MwanaBombo, nakuheshimu, lakini mimi nimekua nikaacha, na sijafukuzwa na mtu.

Nina miaka 45. Nilikuwa shabiki wa kutoka Jinja asubuhi, narudi usiku wa manane nimening'inia kwenye lori. Nilipopata mtoto wa pili nikaanza kuona mechi imeisha kabla haijaisha, maana dakika ya 70 kichwa kiko nyumbani. Siku moja nikabaki. Jumamosi ile nilimfundisha mwanangu baiskeli. Iliyofuata nikabaki tena. Hakuna choo kibovu katika habari yangu, hakuna mvua. Kiu iliondoka yenyewe, na mahali pake pakaja kitu kingine nikipendacho zaidi. Kwa nini isiitwe kukua?

Na lipo jingine, nitalisema mara moja. 11 Julai 2010 nilikuwa nimepanga kwenda klabu ya raga ya Kyadondo, Kampala, kutazama fainali ya Kombe la Dunia, Hispania na Uholanzi, na rafiki yangu. Nilichelewa gari. Yeye aliwahi. Usiku ule, pale na Kabalagala, mabomu yaliua watu zaidi ya 70. Tangu hapo nikiingia kwenye umati naangalia mlango kwanza. Najua Kyadondo walikuwa wanatazama skrini, lakini mwili hautofautishi.

MwanaBombo

Baba Watatu, pole sana ndugu yangu. Mungu amrehemu rafiki yako. Kwa hili sina hoja ya kukupinga, na sitaitafuta.

La baiskeli nalikubali pia. Nilisema kwa mkato mno. Wapo wanaoondoka kwa miguu yao wenyewe.

Mama_wa_Entebbe

Mnazungumza kana kwamba watu wazima ni wanaume tu.

Nina miaka 41, nilianza kwenda mpirani na marehemu kaka yangu. Unajua foleni ya kuingia ilivyo kwa mwanamke? Langoni wanasukumana, mikono inakupapasa, ukigeuka kila mtu anatazama juu. Nikiwa na miaka 20 nilikuwa napiga kiwiko na kuendelea. Sasa nina mabinti wawili, wa miaka 14 na 11, wanaujua mpira kuliko baba yao, na siwezi kuwapitisha kwenye mlango ule. Siwezi.

Mwaka 2025 wakati wa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, tulikwenda Namboole, tukaingia mapema sana, saa nyingi kabla. Uganda na Afrika Kusini, zikaenda tatu kwa tatu. Mkubwa alipoteza sauti siku mbili. Mdogo aliniuliza njiani, "Mama, kwani wewe ulikuwa unakuja kila wiki?" Nikamwambia ndiyo, zamani. Akauliza kwa nini niliacha. Nilimdanganya, nikasema kazi.

Kwa hiyo kaka, nakuunga mkono, lakini usiishie kwenye choo. Lango kwanza.

Katwe_ya_Zamani

Dada, asante kwa kulisema. Tuko foleni hiyohiyo na tunanyamaza. Ni aibu yetu sisi tuliokuwa tunatazama juu.

Gongo_la_Lugogo

Mleta uzi, hoki yetu wenyewe, ile ya magongo isiyo ya barafu, hukuigusa hata kwa neno moja, nami ndiyo maisha yangu, basi nipe nafasi.

Uganda ilipeleka timu ya magongo kwenye Olimpiki ya Munich, 1972. Ndiyo mara pekee. Kila mtu anaikumbuka Munich kwa John Akii-Bua na dhahabu yake ya mita 400 kuruka viunzi, sekunde 47.82, na ni haki. Lakini tulikuwa na timu ya hoki pale pia, na wengi wake walikuwa Waganda wenye asili ya Asia. Mwezi huohuo wa Agosti ambao michezo ilianza, Amin alikuwa ameshatangaza kwamba Waasia wana siku 90 za kuondoka. Fikiria unaiwakilisha nchi huku nyumbani kwenu wanafunga mizigo. Marehemu baba yangu alikuwa mtazamaji wa hoki kwenye uwanja wa Lugogo, Kampala, miaka ile. Alisema wikiendi moja uwanja una watu na vikapu vya chakula na wazee kwenye viti vya kukunja, na baada ya miezi michache umebaki majani. Alikuwa haulizi nani alishinda mwaka gani. Alikuwa anauliza nani alikaa wapi.

Leo pale Lugogo hatuna wachezaji wa kulipwa kama hao wa Winnipeg. Wengi wetu tunajinunulia magongo. Watazamaji ni wachache, lakini nikuambie ni akina nani: waliocheza zamani. Watu wa miaka 50, 60. Wanakuja na watoto, wanabishana na mwamuzi, mapumziko wanaingia uwanjani na wajukuu kupiga mipira miwili mitatu. Hakuna anayesukumana, kwa sababu kila mtu anamjua mama wa kila mtu. Nafikiri mtu mzima huacha kwenda mahali asipojulikana. Akiwa na watu wake, utamtoa kwa jeneza.

Mbugani77

Umesahau saa. Mechi ya ligi Jumanne saa kumi jioni, mtu mwenye ajira anafikaje? Wanaobaki ni wanafunzi na wasio na kazi, halafu tunasema mpira ni wa vijana.

Mwana_wa_Arua_Toronto

Wakuu, niko huku huku Kanada, mwaka wa kumi na mbili. Naomba niipunguze sukari kidogo chai ya MwanaBombo.

Hapa Toronto, timu yetu ya hoki, Maple Leafs, haijabeba Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi hiyo, tangu 1967. Wajukuu wa walioliona wana ndevu. Uwanja unajaa vilevile. Lakini tazama viti vya chini karibu na barafu: vingi ni vya makampuni, kipindi cha pili kikianza bado vitupu, wenyewe wako ndani wanakula. Shabiki wa kweli, fundi bomba, dereva wa basi, anatazama nyumbani, kwa sababu kupeleka watoto wawili ni pesa ya chakula cha wiki kadhaa.

Na Winnipeg yako hiyo, mkuu. Zile tiketi 13,000 za dakika 17 unazozisifu, kufika 2024 wenye tiketi za msimu walikuwa wameshuka chini ya 10,000, mpaka mwenye timu akasema hadharani kwamba haiwezi kuendelea hivyo. Korona ilipita, bei ya maisha ikapanda, na mechi za nyumbani ni 41 kwa msimu. Nani ana jioni 41? Lifti na vyoo vipo vilevile. Kwa hiyo choo hakikuwazuia kuondoka.

(Na kwa aliyeniuliza inboksi kama hoki ya barafuni ipo kwetu Afrika Mashariki: Nairobi upo uwanja mdogo wa barafu hoteli ya Panari tangu 2005, na kuna timu ya Wakenya, Ice Lions, wanacheza kweli. Uganda bado.)

MwanaBombo

Mwana wa Arua, takwimu zako ni za kweli na nilizijua, sikuzitaja. Nilipaswa kuzitaja.

Lakini hebu tuzitazame pamoja. Waliorudisha tiketi zao walirudisha kwa sababu wamekua? Mzee wangu na binti yake walikuwa wamegawana viti vyao na familia nyingine tatu, kila moja inachukua mechi zake, kumi kumi hivi. Familia moja ilipojitoa baada ya korona, binti alinipigia simu huku nyumbani, amehuzunika, akasema walikuwa na duka na duka limefungwa. Hakusema wamechoka. Alisema mume wa familia ile alizirudisha kadi ndani ya bahasha, na kwenye bahasha ameandika namba ya kiti chake, kama mtu anayeacha anwani.

Kwa hiyo naongeza kwenye orodha yangu: zege lenye maji, kufuli, lango la Mama wa Entebbe, Jumanne saa kumi, na bei. Na kile alichosema Gongo la Lugogo, watu wako. Nimekifikiria sana hicho. Baba mdogo alikuwa anakwenda Nakivubo na wenzake wanne wa kambini. Watatu wamekufa. Wa nne yuko Arua, haoni.

Nimeamua kitu. Nitaleta mrejesho.

Baba_Watatu_Jinja

Mpeleke. Kaeni karibu na mlango.

MwanaBombo

MREJESHO. Samahani kwa kuchelewa, wiki tatu.

Nilimpeleka baba mdogo Nakivubo. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu sikumuuliza kama anataka, nilimwambia tu gari inakuja saa sita mchana. Nilipofika Bombo nilimkuta kibarazani amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, na juu yake ile jezi, imekunjamana mistari ya kukaa chini ya sanduku. Nyeupe ile ilinirudisha mahali. Sikusema kitu.

Tulikodi gari mpaka langoni, tukafika saa mbili kabla ya mechi, nilimsikiliza dada wa Entebbe. Hakukuwa na foleni bado. Alipoingia akasimama. Hamjui, wakuu, uwanja ule aliuacha na majukwaa ya zamani, na tangu ujengwe upya na kufunguliwa 2024 alikuwa hajauona. Akazungusha kichwa taratibu. Akauliza, "Goli la upande wa soko la Owino liko wapi?" Nikamwonyesha. Akatazama muda mrefu, kisha akatembea hatua chache, akahesabu viti kwa kidole, akakaa. Akasema hapa ndipo, karibu na hapa. Kiti cha kushoto kwake akakiwekea fimbo. Kijana mmoja akaja kutaka kukaa, baba mdogo akamwambia kwa upole, "Pana mtu, mwanangu." Kijana akasema sawa, muzeyi, akasogea.

Choo, nilikwenda kukikagua kabla yake. Kilikuwa wazi, na maji yalikuwepo.

Mechi yenyewe haikuwa nzuri. Pasi zilipotea, bao halikuja mpaka dakika za mwisho, na hata hilo mimi sikuliona, nilikuwa namtazama yeye. Alisimama bila fimbo. Sauti aliyoitoa sijawahi kuisikia kutoka kwake, si nyumbani, si msikitini, si msibani. Yule kijana aliyekataliwa kiti aligeuka akampa mkono, baba mdogo akaushika kwa miwili.

Njiani tulinunua rolekisi, chapati iliyoviringishwa na mayai, pale Bwaise, akala nusu, nusu akaifunga kwa ajili ya mke wake. Tulipopita Kawempe akaniuliza mechi ijayo ni lini. Nikamwambia Jumanne, saa kumi. Akanyamaza mpaka tulipokuwa tunakaribia Matugga, nikadhani amelala. Kumbe alikuwa anapiga hesabu. Akasema Jumanne ana kliniki ya presha, lakini kliniki huwa inaisha saa sita.